Wakija Juni, Nani Apishe?

Mada yenyewe ni hii. Mwanaume wa Ololosokwan, tarafa ya Loliondo, ana watoto wawili kwa mke wa kwanza: msichana wa miaka 16 aliye kidato cha tatu na mvulana wa miaka 14 aliye kidato cha kwanza. Ndoa ilipovunjika, mama yao alirudi nao kwao Karatu, na sasa anauza nguo sokoni. Baba akaoa tena. Mke wa sasa alikuja na binti yake, ambaye leo ana miaka 13, na hapo bomani wameshazaliwa wengine wawili wadogo. Shule zikifungwa Juni, wale wa Karatu watakuja kukaa na baba yao, kwa mara ya kwanza tangu boma lile lipate mama mwingine.

Nimewaketisha pamoja watu ambao katika maisha hawaketi pamoja. Kwa kawaida jambo kama hili huzungumzwa na wawili wawili, jikoni, zizini au kwenye simu, na kila mmoja huondoka akidhani ameeleweka. Kwa hiyo baraza hili nimelitunga mwenyewe, na wazungumzaji sikuwapa majina, maana familia za namna hii ziko nyingi kutoka Wasso hadi Mto wa Mbu. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

BABA: Mimi naona maandalizi yamefika nusu. Nimeagiza magodoro mawili Wasso. Nimetenga mbuzi wa siku ya kufika na mwingine wa siku ya kuondoka. Paneli ya sola nimeongeza, maana vijana wa siku hizi bila simu hawalali. Watoto wangu wanakuja. Nataka wakute nyumba imejaa.

MAMA WA NYUMBA: Baba watoto, umetaja magodoro. Hujasema yatatandikwa wapi.

BABA: Nyumba si ipo?

MAMA WA NYUMBA: Ipo, na niliikandika kwa mikono hii. Ndiyo maana najua inaishia wapi.

Msomaji wa mjini avumilie kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoanza. Katika boma la Kimasai nyumba hujengwa na mwanamke, nayo huhesabiwa kuwa yake. Mke wa kwanza hujenga upande wa kulia wa lango, wa pili upande wa kushoto, na watoto hujulikana kwa upande wa mama yao. Mtoto hana haja ya kuuliza alale wapi. Analala kwa mama yake, na baba ndiye anayezunguka. Ni utaratibu uliokwisha kufikiria karibu kila kitu kuhusu familia yenye akina mama zaidi ya mmoja, na nathubutu kusema umefikiria kuliko vitabu vingi vya ushauri wa ndoa. Ila mtoto ambaye upande wake wa lango upo na nyumba haipo, huyo umemwacha nje.

MZEE: Nyumba inaweza kuwepo. Mahali pa mke wa kwanza hapajahama. Tangu aondoke tumepafanya pa kufungia ndama. Ndama wahamishwe, fito zikatwe, nyumba isimame. Watoto wakifika waingie kwao kwa kichwa kilichoinuka. Huo ndio ukaribisho. Godoro ni kitu cha dukani.

MAMA WA NYUMBA: Mzee, nakuheshimu. Nani ataikandika hiyo nyumba?

MZEE: Nyumba hukandikwa na wanawake.

MAMA WA NYUMBA: Wanawake wa boma hili ni mimi, na Koko, bibi wa watoto hapa, ambaye mgongo umegoma. Kwa hiyo nimjengee nyumba mwenzangu aliyeondoka, kwa mikono yangu, kwa samadi ya ng'ombe ninaowakamua mimi, tena upande wa kulia. Hilo sitalifanya. Niombeni jingine.

MZEE: Hujengi ya mwenzako. Unajenga ya watoto.

MAMA WA NYUMBA: Watoto wataondoka Julai. Nyumba itabaki, na watu wakipita wataiita kwa jina la mama yao.

KOKO: Mzee, niachie. Wote wawili mna haki, na mkiendelea hivyo mtafika Desemba. Waje kwangu. Nyumba ya bibi haina upande wa kugombewa. Mimi nimelea watoto wa wake wenzangu, nimelea wa binti zangu, na wa kwangu mmoja nilimpa mwenzangu aliyekosa kupata, akamlea mpaka akawa mtu mzima. Hakuna aliyesema ni wa kambo. Walikula, wakalala, wakachunga.

BINTI WA KARATU: Koko, nakuja kwako kwa furaha. Lakini ule moshi! Mara ya mwisho nilikuwa mdogo na bado nakumbuka macho yanavyowasha.

KOKO: Utazoea.

BINTI WA KARATU: Nitakuwa nimeondoka kabla sijazoea.

Mvulana hakuna aliyemhangaikia. Wote walikubaliana kwamba atalala na vijana wenzake, kisha wakaingia kwenye suala la jando lake, lililofanyika hospitalini Karatu bila rika lake kuwepo. Mzee alisema mengi. Nimeyaacha, yanataka mjadala wa peke yake.

Nilikuwa karibu kufunga kikao cha malazi nikiamini Koko ametutoa, ndipo akazungumza mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza.

BINTI WA NYUMBANI: Magodoro mawili. Sisi wasichana tutakuwa wawili na mvulana mmoja. La kwangu liko wapi?

BABA: Wewe una kitanda chako, mwanangu.

BINTI WA NYUMBANI: Kitanda changu kina ngozi. Na jana nilisikia kwamba nitahamishwa, nikalale na wadogo, ili mgeni apate kitanda. Sasa naambiwa mgeni anakwenda kwa Koko. Kesho mtabadilisha tena. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi.

BABA: Ni mambo ya likizo tu.

BINTI WA NYUMBANI: Mimi sina likizo ya nyumba hii. Wakija, maji ya watu wawili zaidi nitayachota mimi, kuni nitaokota mimi. Sikatai. Lakini wewe huniita "mwanangu", na tangu wiki iliyopita unasema "watoto wangu wanakuja". Nasikia vizuri.

Hapa siwezi kunyamaza. Tunapozungumzia watoto wa ndoa iliyovunjika, huruma yetu yote huenda kwa anayekuja na begi. Anayekuja amepoteza kitu, ni kweli: alikuwa na boma, sasa ana tarehe za kufika na kuondoka. Lakini anayekaa pale ndiye anayeguswa na kila kitu kinachopangwa. Ndiye anayepunguziwa mahali pa kulala na kuongezewa kazi, ndiye anayemwona baba wa nyumba akichinja mbuzi ambaye hakuchinjwa siku yeye alipoingia. Msimamo wangu katika mjadala huu ni kwamba maandalizi yaanzie kwake. Aulizwe kwanza, kabla ya godoro kununuliwa, na aulizwe swali ambalo jibu lake linaweza kubadilisha mpango. Kumwuliza mtoto jambo lililokwisha kuamuliwa ni kumdhihaki.

Mwalimu anakubaliana nami kwa sababu zake.

MWALIMU: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Haikusema mtoto wa ndoa ya kwanza au ya pili. Na kifungu cha 26 kinazungumzia hasa jambo hili letu: wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye wakati wowote anaotaka, mradi masomo yake hayavurugiki.

MZEE: Hizo ni sheria za mjini.

Mzee wangu, samahani. Mwaka 2017 Ololosokwan, pamoja na Olorien, Kirtalo na Arash, ilifungua kesi dhidi ya Serikali katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kuhusu ardhi yake, na jina la kijiji chetu ndilo linaloongoza kwenye jalada. Watu walioipeleka dola mahakamani Arusha hawawezi kusema sheria ni ya mjini ikifika zamu ya msichana wa miaka 13.

BINTI WA KARATU: Mwalimu, rudia hapo. Wakati wowote anaotaka nani?

MWALIMU: Mtoto.

BINTI WA KARATU: Basi naomba nisikike. Nataka kukaa wiki mbili, siyo likizo nzima. Nina twisheni, na mwakani ni mtihani wa kidato cha nne. Baba alimwambia mama mwezi mzima. Mama akasema sawa. Mimi nikaambiwa nifunge begi.

BABA: Wiki mbili? Mwaka mzima nasubiri, unanipa wiki mbili?

BINTI WA KARATU: Baba, wiki mbili zako ukiwepo zinatosha. Mwezi ambao wewe uko mnadani ni mrefu sana.

MAMA WA NYUMBA: Amesema kweli, na nilikuwa natafuta mtu wa kuisema. Baba watoto, ukialika watoto halafu ukaenda mnadani, ukapitia kwenye mkutano wa kijiji, ukalala kwa rafiki, mwenye wageni ni mimi. Wakinuna, wamenuna kwangu. Wakirudi Karatu na habari mbaya, habari ni za mama wa kambo.

BABA: Nisiende hata mnada mmoja? Hela itatoka wapi?

MAMA WA NYUMBA: Uza mbuzi uliotaka kuwachinja.

Alicheka peke yake, kisha tukacheka wote. Lakini ninaona hilo ndilo lililo zito kuliko yote aliyosema. Baba aliyekaa mbali na watoto wake huwa na deni moyoni, na njia nyepesi ya kulipunguza ni kununua. Mtoto wa miaka 16 anaijua bei ya kila kitu anachonunuliwa. Anajua pia kwamba muda wa baba hauuzwi Wasso. Huyu mwanaume angetangaza kwamba kwa wiki hizo mbili hatatoka bomani isipokuwa pamoja nao, angekuwa amekamilisha maandalizi yake bila paneli wala godoro.

Wakahamia kwenye jina.

MAMA WA NYUMBA: Na mimi waniite nani? Mama, sitaki; mama yao yupo na yuko hai. "Anti" ni ya watu wa mjini. Jina langu, hapana, mimi si rika lao.

KOKO: Jambo hilo tulikwisha kulipatia dawa zamani. Mpe msichana kondoo. Akishampokea, atakuita Paker nawe utamwita Paker, na hakuna atakayekuwa mama wala mgeni. Mimi na mke mwenzangu tuliitana kwa ndama aliyenipa nilipoingia boma hili, mpaka akafa.

BINTI WA KARATU: Koko, huyo kondoo nitampeleka wapi? Mama ana chumba na ukumbi.

KOKO: Atakaa hapa, azae hapa.

BINTI WA KARATU: Halafu nitadaiwa kurudi kumwangalia.

KOKO: Ee. Ulidhani kondoo hutolewa bure?

Sijui kama msichana atampokea. Ninachokipenda katika pendekezo la Koko ni kwamba halimlazimishi mtu kujifanya anampenda mwenzake. Zawadi imetoka huku, imepokelewa kule, na uhusiano umepata jina lisilomwibia mama mzazi chochote. Na mwenye kutoa ni mama wa nyumba mwenyewe, kutoka kwa wanyama wake; baba akimnunulia huyo kondoo ili ampe, dawa imeharibika.

Kisha tukampigia simu mama yao kule Karatu.

MAMA WA KARATU: Nina jambo moja kubwa, sitalizunguka. Binti yangu arudi kama alivyoondoka. Sitaki ngariba, sitaki mchumba, sitaki mtu aje na asali na shuka kumwulizia. Najua baba yake hataki. Lakini baba yake ana ndugu, na mambo haya hufanyika likizo, shule imefungwa na hakuna mwalimu wa kuuliza mbona fulani haonekani.

MZEE: Umeanza kwa kututuhumu.

MAMA WA KARATU: Nimeanza kwa kumlinda, Mzee. Ningenyamaza ungesema mimi ni mama wa namna gani.

MWALIMU: Sheria iko wazi pande zote mbili. Tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni jinai, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

MAMA WA KARATU: Hizo namba ni za baada ya jambo kutokea. Mimi nataka neno la kabla. Wakae wazee wa ukoo, baba yake asimame mbele yao, aseme kwa mdomo wake kwamba msichana huyu ni mwanafunzi na haguswi. Isiwe kwenye simu, wala isisemwe pembeni.

BABA: Nitasema.

MAMA WA KARATU: Lini?

BABA: Kabla hawajapanda basi.

MAMA WA KARATU: Nikishasikia kwa Koko kwamba umesema, ndipo nitakata tiketi.

Mzee hakupendezwa, na ninaelewa kwa nini: hakuna anayependa ukoo wake kuwekewa masharti na mtu aliyeondoka. Hata hivyo namwunga mkono mama wa Karatu bila kusita. Neno lililosemwa mbele ya rika na wazee lina mashahidi, na mjomba au ami mwenye mawazo yake hawezi baadaye kusema hakusikia. Yeye Mzee alipotulia alisema atakuwa wa kwanza kuitikia. Nikalipokea hilo kwa uzito kuliko namba za kifungo.

Yaliyofuata yalikuwa madogo, na kwangu yalikuwa matamu, kwa sababu wanawake wale wawili hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana tangu mmoja aondoke na mwingine aingie.

MAMA WA KARATU: Kuna mengine sikujua nimwulize nani. Baba yao nikimwuliza habari ya choo anasema kipo.

MAMA WA NYUMBA: Niulize mimi. Choo ni cha shimo, mlango wa bati. Komeo limetoka, nitaliweka kabla hawajafika. Mahali pa kuogea ni pa turubai, nyuma ya nyumba. Nitamchemshia maji, Juni asubuhi huku ni baridi ya kukata masikio. Taulo za kike mfungashie kutoka huko, duka letu leo linazo kesho halina.

MAMA WA KARATU: Anakula kila kitu isipokuwa maziwa mgando.

MAMA WA NYUMBA: Hapo nitakuwa na kazi.

MAMA WA KARATU: Na wa kiume anapenda kutembea peke yake.

MAMA WA NYUMBA: Hapana, hilo huku haliwezekani. Mwambie huko huko, akifika ajue.

Simu ilikatika, mtandao ulivyo. Lakini katika dakika hizo chache yalipangwa mambo ambayo baba angeyapanga kwa wiki nzima akiyakosea. Wako wanaoamini kwamba amani ya nyumba hutunzwa kwa kuwaweka mbali mke wa zamani na mke wa sasa. Katika mapenzi labda. Watoto wanaposafiri kati ya nyumba mbili, mwenye kujua komeo la choo na mwenye kujua mtoto asichokula inabidi wafahamiane.

Hoja ya nidhamu ilileta kelele.

MWALIMU: Mtafiti wa Marekani, E. Mavis Hetherington, alifuatilia familia karibu 1,400 kwa takribani miaka thelathini, nyingi zikiwa zimepitia talaka na ndoa ya pili. Aliona kwamba mzazi wa kambo anayeingia na fimbo mapema hugonga mwamba, hasa kwa watoto wanaobalehe. Anayefanikiwa huanza kwa kumwunga mkono mzazi mwenyewe, na urafiki wake huukuza polepole. Kwa hiyo baba awaeleze kanuni za nyumba, mama akumbushe tu.

MAMA WA NYUMBA: Huyo mtafiti hakuwa na fisi. Kijana akiacha lango wazi usiku, nikamtafute baba yake aliko ili amkumbushe?

MWALIMU: La lango sema wewe.

MAMA WA NYUMBA: Na la simu usiku kucha? Na la kumjibu Koko vibaya? Na la kusema chakula changu kibaya mbele ya wadogo?

MZEE: Zamani mtu mzima yeyote alimrudi mtoto yeyote.

BINTI WA KARATU: Zamani mtu mzima yeyote alimjua mtoto huyo tangu kuzaliwa.

Kimya kikapita. Nadhani msichana alikuwa amegusa kitu ambacho sisi tunaoimba wimbo wa "mtoto ni wa wote" hatupendi kukitazama. Mamlaka ya mtu mzima yeyote juu ya mtoto yeyote yalisimama juu ya kujuana kwa miaka mingi. Ukiyachukua na kumwekea kijana aliyeshuka kwenye basi jana, ataona amri tupu. Kwa hiyo nakubaliana na Mwalimu kwa sehemu, na mama kwa sehemu: lango, moto, mto, wanyama na wazee, aseme aliye karibu, yeyote yule. Kununa, simu, chakula na namna ya kuvaa, amwachie baba, hata kama atachelewa. Kidogo kitaharibika. Acha kiharibike.

Habari ya fisi na ya kutembea peke yake haikuwa ya mzaha. Ololosokwan inapakana na Serengeti upande mmoja na Kenya upande mwingine, na tangu Juni 2022 vigingi vya eneo la hifadhi la kilomita za mraba 1,500 vimekata malisho yaliyokuwa yakitumika. Mvulana wa Karatu amezoea ukubwa wa uwanja wa shule. Mwenzake wa hapa anajua kigingi kiko nyuma ya mti upi. Huyu wa Karatu hajui, na ng'ombe wakikutwa ndani ya hifadhi hukamatwa, mwenyewe akatozwa faini. Kwa hiyo akichunga, achunge na layoni wa hapa, mvulana ambaye bado hajatahiriwa na ni mdogo kuliko yeye, na amtii. Mvulana wa sekondari kumtii mtoto wa darasa la tano: hilo nalo linahitaji kusemwa mapema, na mtu wa kulisema ni baba.

KIJANA WA KARATU: Mimi nina swali moja. Ng'ombe wa mama wapo?

Hakuna aliyejibu haraka. Mwanamke anapoolewa hutengewa ng'ombe wa nyumba yake. Huwakamua yeye, na wanawe wa kiume huwahesabu kuwa mwanzo wa zizi lao. Mama wa huyu kijana aliondoka kwa basi. Ng'ombe hawakupanda.

MZEE: Wapo, na ni wako. Mama ameondoka, wewe hujaondoka.

MAMA WA NYUMBA: Wapo kwa sababu kuna mtu aliyewatunza. Ule ukame wa kabla ya 2022 niliwakatia majani mimi. Nimekesha nao wakizaa. Maziwa yao wamekunywa wanangu, sifichi.

BABA: Na wengine niliuza. Mwanangu, ulipokuwa mdogo walikuwa wengi. Ukame ulichukua baadhi. Juni ile ya vigingi, watu walipovuka kwenda Narok, Kenya, wengine walipotea njiani. Wawili niliwauza kulipia bweni la dada yako. Sikukwambia, nikaona utasema nimekula urithi wako.

BINTI WA KARATU: Hata mimi sikuambiwa.

MZEE: Hili lingesemwa zizini, siku atakapofika, mbele ya watu.

Mimi nasema lisemwe kabla. Kijana akifika na hesabu ya zamani kichwani, akakuta zizi limepungua na mama wa kambo ameshika kibuyu cha maziwa, hitimisho litamjia lenyewe, na hakuna mbuzi wa kuchinja atakayeliondoa. Katika yote yaliyojadiliwa, nadhani hili ndilo lingeivunja likizo, na lilikuwa halimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Baba aandike, au aketi na Mwalimu amsaidie kuandika, ng'ombe kwa ng'ombe: aliyekufa, aliyepotea, aliyeuzwa na fedha zilikokwenda, aliyezaliwa. Karatasi itangulie Karatu kabla ya watoto kupanda basi. Mzee anaona ni aibu kuhesabu ng'ombe kwenye karatasi. Tumetofautiana hapo na tumeachana hivyo.

Na yule wa miaka 13? Alipoulizwa, safari hii kweli, alisema kitanda chake hakitoi, na akaomba aende na baba Wasso kuwapokea wenzake. Baba alitaka kutuma bodaboda. Alizidiwa kura.

KIJANA WA KARATU: Kulikuwa na jike mmoja mwekundu, ana doa jeupe begani.

MAMA WA NYUMBA: Bado yupo. Amezaa mara mbili tangu uondoke.

KIJANA WA KARATU: Mnakamua saa ngapi?

MAMA WA NYUMBA: Kabla jua halijatoka. Uje na sweta, na usisimame nyuma yake, anapiga teke.